Shangazi Alizaliwa Wapi?

Mwaka huu nimehudhuria vilio vingi kuliko harusi. Ni umri. Mtu akishavuka miaka hamsini hapa Lubumbashi, Jumamosi zake hugawanywa na wafu: asubuhi yuko mtaa wa Kenya, mchana Katuba, jioni Ruashi. Barabara imezibwa kwa matawi, turubai limefungwa kutoka ukuta wa jirani huyu hadi wa yule, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa, na kabla jeneza halijainuliwa anasimama mtu wa familia akiwa na karatasi. Anasoma maisha ya marehemu.

Nimeanza kuzisikiliza karatasi hizo kwa sikio la mhasibu. Ya mwanamume huwa ndefu: shule, namba ya kazi, mwaka alioingia kampuni, mwaka aliotoka, cheo chake kanisani, hata timu aliyoishabikia. Ya mwanamke mzee ina mistari minne. Alizaliwa, aliolewa, alizaa kadhaa wakabaki kadhaa, aliugua. Na katika mistari hiyo minne, ule wa kwanza husomwa haraka na kwa sauti ya chini. "Alizaliwa Katanga," anasema msomaji, kisha anakimbilia ndoa. Katanga ipi? Katanga ya zamani, kabla haijakatwa vipande vinne mwaka 2015, ilikuwa karibu sawa na Hispania nzima. Kusema mtu alizaliwa humo ni kama kusema alizaliwa chini ya mwezi.

Nauweka msimamo wangu mapema ili asiyeupenda ageuze ukurasa: mstari ule unakimbizwa kwa sababu mara nyingi si kweli. Shangazi zetu wengi hawakuzaliwa Katanga. Walikuja. Sisi watoto wao ndio tunaowaficha, na uongo huo unaugharimu mji huu kuliko tunavyodhani. Nasema hivyo nikiwa mkosaji mwenyewe. Karatasi ya hivi karibuni ilikuwa mkononi mwangu, na jeneza lilikuwa la dada yake baba.

Mayosenge

Kitambulisho chake kilisema 1932. Yeye alicheka kila alipokitazama, kwa kuwa aliyeuandika mwaka huo alimwangalia usoni, akakisia, akagonga muhuri. Alizaliwa upande wa Luwingu, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia. Nyumbani hatukumwita shangazi, wala tantine kama wasemavyo wajukuu. Tulimwita Mayosenge, neno la Kibemba la dada ya baba. Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua kuwa hilo si jina lake.

Baba alitangulia, akapata kazi ya reli. Mke wake alipojifungua mapacha, barua ikaandikwa kwa mkono wa mwalimu wa kanisa: mletwe msichana wa kusaidia. Msichana akaletwa. Alikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Alivuka mto Luapula kwa mtumbwi, akapanda lori katika ile njia inayopita kwenye ulimi wa ardhi ya Kongo uliochomoza ndani ya Zambia, akatokea Mufulira, akashuka hadi Ndola, akapanda treni. Ukiitazama ramani utaona kichekesho: aliingia Kongo, akatoka Kongo, akaingia Kongo tena, na njia nzima alisikia watu wakisema Kibemba kilekile. Mpaka huo Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Waingereza walikubaliana mwaka 1894, na hakuna aliyemuuliza mvuvi wa Luapula samaki wake ni wa mfalme gani.

Alisema angekaa hadi mapacha watembee. Alikaa miaka zaidi ya sabini.

Elisabethville ikageuka Lubumbashi mwaka 1966, yeye yumo. Katanga ikawa nchi kwa miaka miwili na nusu, kisha ikawa jimbo, kisha ikaitwa Shaba, kisha Katanga tena, kisha Haut-Katanga, yeye yumo. Alihesabu faranga, akahesabu zaire, akahesabu zaire mpya, akarudi kuhesabu faranga. Krismasi ya 1979, noti za zaire tano na kumi zilipobatilishwa ghafla na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, alikuwa na mkebe uliojaa noti hizo chini ya kitanda, akiba ya mabati ya nyumba. Alisimama foleni siku mbili. Sehemu kubwa ya mkebe ilirudi nyumbani ikiwa karatasi. Alizitumia kuwashia mbabula, moja baada ya nyingine, akituambia watoto tuangalie vizuri jinsi chumba kimoja cha nyumba kinavyoungua.

Aliuza dagaa wakavu katika soko la Kenya. Alipika munkoyo, kinywaji cha mahindi, mtamu kiasi kwamba wanaume waliotoka misa ya kwanza walipitia kwake kabla ya kwenda kwao. Alijua kukaza chikanda, ule mkate wa mizizi, ikakatika kwa kisu kama nyama, na asiyejua aliapa kuwa ni nyama. Aliolewa, akafiwa, akakataa kurithiwa, akalea watoto wake na wa wengine. Mimi ni mmoja wa wale wengine.

Mji ulioshuka kwenye treni

Wahenga walituachia methali mbili juu ya mgeni. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lubumbashi tumezishika zote, lakini tumesahau kuuliza swali linalofuata: aliyeshika jembe siku ya tatu na hajaliweka chini kwa miaka sabini, ataitwa mgeni mpaka lini?

Mji huu ulianza mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika hapa. Bomba la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba tunachokichora hata kwenye vitambaa vya sherehe, havikuinuliwa na watu waliokutwa wamekaa wakisubiri. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na shaba nyingi na mikono michache. Ikatafuta mikono Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ikatafuta Kasai na Lomami, na kuanzia mwaka 1925 ikaleta watu kutoka Ruanda-Urundi. Wanaume walikuja kwa mikataba mifupi, wakafa kwa magonjwa, wakatoroka, wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mabwana wa kampuni wakapiga hesabu nyingine: mwenye mke na watoto hatoroki. Ndipo wanawake wakaanza kuletwa kwa mpango, na kambi zikawa na moshi wa jikoni.

Kumbukeni hapo mwanamke aliingia kwenye vitabu kama nini. Mwanamume alikuwa na namba. Mwanamke alikuwa mstari chini ya namba ya mumewe, pamoja na posho ya unga. Mistari minne tunayosoma leo kwenye vilio tuliirithi kutoka kwenye daftari lile.

Na huyo mwenyeji anayejipiga kifua, tumfuate nyuma kidogo. Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa Desemba 1891, alitoka magharibi ya Tanzania ya leo akiwa mwana wa wafanyabiashara wa msafara. Watu wake ndio Bayeke. Leo nani atathubutu kumwambia Muyeke kwamba si wa Katanga? Mjukuu wa Msiri, Godefroid Munongo, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa CONAKAT, chama kilichoundwa mwaka 1958 kutetea "Wakatanga halisi" dhidi ya waliotoka kwingine. Sisemi hivyo kumdhihaki marehemu. Nasema kwamba vizazi viwili vilitosha kumgeuza mjukuu wa mgeni kuwa mlinzi wa mlango.

Hata lugha hii ninayoiandika ilikuja. Haikuota kwenye vichuguu vya Katanga. Ilibebwa na misafara ya biashara, ikashikwa na wamisionari na wakoloni, ikalazimishwa kambini ili Mbemba, Muluba na Mnyarwanda waelewane na msimamizi. Sisi tukaipindapinda mpaka watu wa Dar es Salaam wakitusikia wanatabasamu. Sawa, watabasamu. Lakini hakuna aliyewahi kuidai lugha hiyo cheti cha kuzaliwa.

Mayosenge alikuwa na jibu lake kwa mambo haya, na alilitoa akiwa ameketi kwenye kigoda, akichambua lengalenga: "Miye nilikuya na treni. Ule anasema iko mwenyeji, babu yake alikuya na miguu. Tulipitana tu mbio."

Juu ya nini tunaficha?

Basi kwa nini mtoto wa mwanamke mwenye ulimi kama huo alisimama mbele ya watu na kusoma "alizaliwa Katanga"?

Kwa sababu nakumbuka. Wa rika langu wote wanakumbuka, hata wanaosema wamesahau. Mwaka 1961, wakati Katanga imejitenga, maelfu kwa maelfu ya Waluba wa mji huu walikimbilia kambi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu majina yao yalikuwa yametosha kuwatia hatiani. Mimi sikuwa nimezaliwa; hilo nililisimuliwa. Lakini 1992 na 1993 niliyaona. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Likasi na Kolwezi walitolewa nyumbani, wakalala vituo vya reli wiki nyingi wakisubiri treni za kuwapeleka katika mkoa ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Watoto walifia kwenye majukwaa ya vituo. Treni ileile iliyowaleta babu zao ndiyo iliyopangwa kuwarudisha wajukuu, kana kwamba binadamu ni chupa ya bia ya kurudishwa dukani.

Siku zile kila familia ilijichunguza. Huyu akafupisha jina, yule akagundua bibi wa Kilamba ambaye jana hakuwapo. Baba yangu, mtu wa kanisa asiyependa uongo, alituita sebuleni akasema: mkiulizwa, sisi ni wa Sakania. Sakania ni mpakani. Kibemba chetu kingeeleweka. Uongo ule ulitulinda, siukatai. Lakini hatari ilipita na uongo ukabaki mezani, ukala nasi, ukakua na watoto, mpaka siku ukaandikwa kwenye karatasi ya kilio kwa mkono wangu.

Kuna jambo moja la mtaani ambalo haliko katika historia za vyama. Jirani ya Mayosenge pale Katuba alikuwa mama wa Kasai, fundi wa kushona. Mwaka 1961, kabla ya kukimbilia kambini, alimpa Mayosenge cherehani yake amtunzie. Aliporudi baada ya vita aliikuta imefunikwa kitenge, imepakwa mafuta. Wakaendelea kuishi ukuta kwa ukuta miaka thelathini, wakigombana juu ya maji na kupatana juu ya chumvi. Mwaka 1992 yule mama alibisha hodi usiku na cherehani ileile kichwani mwa mwanawe. Hawakusemezana sana. Walishajua utaratibu.

Gharama inalipwa jikoni

Ataniambia mtu: haya ni ya wazee, sasa hivi tuna shida ya umeme, ya barabara, ya unga. Ni kweli. Basi tuuzungumzie unga.

Bukari, yaani ugali, ya Lubumbashi mara nyingi inaanzia Zambia. Kila mama anayepika anajua: mpaka wa Kasumbalesa ukikohoa, mfuko wa unga unapanda homa. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara ya bia na vinywaji, na kabla malori hayajasimama vizuri, mazungumzo kwenye foleni za unga yalishafika kwenye "wao" na "sisi". Nilimsikia kijana mmoja akiwatukana "Wazambia wale wanaotunyima chakula". Namfahamu kijana huyo. Bibi yake mzaa baba amezikwa Chingola. Hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo gharama ilipo. Familia isiyotaja ilikotoka haiwezi kuita ndugu inapohitaji ndugu. Nimeona wagonjwa wakipelekwa Ndola wakalala kwenye nyumba ya kulipia, huku binamu zao wakiishi mtaa wa pili. Nimeona mabinti wawili wakigundua kuwa ni ndugu wiki moja kabla ya mmoja kuolewa na kaka wa mwenzake. Nimeona ugomvi wa kiwanja ambao ungemalizwa na swali moja, nani alimleta nani hapa, lakini wa kulijibu alikuwa ameshazikwa na mistari yake minne. Mwacha asili ni mtumwa, tunawaambia watoto wanaochukia bukari. Je, anayeifuta asili ya mama zake kwa mpira tumwiteje?

Na mtoto aliyelelewa kwa uongo huo ndiye huyohuyo atakayepewa kesho neno kama bilulu na mwanasiasa mwenye kipaza sauti. Atalimeza, kwa kuwa ndani ya nyumba yao hakuna aliyekuja kutoka popote.

Nitakiri kuwa upande wa pili una hoja. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliniambia: wewe unaandika gazetini umetulia, lakini makaratasi yangu ya uraia yanaweza kuulizwa kesho. Sheria ya uraia imebadilishwa mara nyingi, 1972, 1981, 2004, na kila badiliko lilimkosesha mtu fulani usingizi. Sina jibu la kumtuliza kabisa. Ninachojua ni kwamba tukiendelea kujificha mmoja mmoja, anayekiri peke yake ndiye atakayeonekana wa ajabu. Tukikiri mtaa mzima, nani atabaki wa kunyooshewa kidole?

Daftari la faranga chache

Mwaka 1965, watu waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wazungu katika mji huu walifanya jambo ambalo maprofesa hawakuwa wamelifanya. Kwa mkono wa André Yav waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hikihiki, wakaipiga taipu. Walisimulia walivyoiona wao, kutoka jikoni na uani. Tangu mwaka 2000 wanahistoria wa chuo kikuu chetu, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, wameendeleza kazi ya kukusanya kumbukumbu za wakazi wa Lubumbashi, na jumba la makumbusho limepokea picha na vyombo vya watu wa kawaida. Kazi nzuri sana. Lakini chuo kikuu hakiwezi kuingia kila ua kabla kilio hakijaingia. Maboi hao waliandika ya kwao. Ya shangazi ataandika nani?

Mimi nilichelewa. Siku ya maziko, lori lilifika kutoka Kitwe likiwa na wanawake kumi na watano wenye vitenge vya sare, wakishuka huku wanaimba kwa Kibemba, na mmoja wao, mzee aliyeongozwa mkono, alikuwa na uso wa Mayosenge mtupu. Watu walianza kuulizana. Mshereheshaji akanifuata: tuwatambulishe kama akina nani? Nikasema, wageni kutoka mbali. Dada yake wa damu! Kisha nikasimama nikasoma karatasi. Nilipofika "alizaliwa Katanga" yule mzee, ambaye Kiswahili chake ni kidogo lakini jina la nchi analielewa, aliinua kichwa akaniangalia. Hakusema neno. Nimekutana na macho ya wadai wengi maishani. Hayo ndiyo nisiyoyaweza.

Usiku ule nilikaa naye hadi alfajiri. Alinipa majina ya vijiji, ya mvuvi aliyemvusha dada yake, ya mwalimu aliyeisoma ile barua. Alinipa wimbo ambao Mayosenge alituimbia utotoni, na maana yake, ambayo miaka yote sikuijua. Nimejaza daftari moja la shule na nusu ya la pili.

Mwezi ujao familia itakutana kumaliza kilio, na karatasi nimeiandika upya. Mstari wa kwanza unasema: alizaliwa Luwingu, Zambia, akaja Lubumbashi kwa treni kulea mapacha wa kaka yake. Itachukua dakika ishirini kusomwa. Wajukuu wamenionya kuwa chakula kitapoa. Kipoe.

Kumebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niombe nafasi hii gazetini. Chini ya dirisha la Mayosenge kuna cherehani ya Singer, nyeusi, ya mkono, imefunikwa kitenge. Aliipaka mafuta mpaka mwaka wake wa mwisho. Mwenyewe ni mama fundi aliyeondoka Katuba kwa treni ya Kasai mwaka 1992 akiwa na mwanawe wa kiume. Kama yu hai, au kama wewe ni mwanawe au mjukuu wake na unasoma haya, njoo uichukue. Mlango ni uleule.